Kurudi Kwao au Kurudi Kwetu? Lugha na Msimamo wa Kamera katika Picha za Awali za Emmanuel Jal

Ikisiri

Makala hii inahakiki picha za video zilizomnasa mwanamuziki wa Sudan Kusini, Emmanuel Jal, kabla na wakati wa kuanza kwake kupanda majukwaa ya kimataifa, hususan zile zilizomo katika filamu ya hali halisi iitwayo War Child (2008), iliyoongozwa na Christian Karim Chrobog. Inahojiwa kwamba Kiingereza cha filamu kinaficha maamuzi ya kimaadili ambayo Kiswahili, kwa sarufi na matumizi yake, hulazimisha yafanywe hadharani. Vifundo vitatu vya tafsiri vinachambuliwa: kupotea na kupotezwa, askari mtoto na mtoto askari, kwao na kwetu. Makala inahitimisha kwamba kuzirejesha picha hizi Juba kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba ni tendo la uhakiki, na kwamba kazi hiyo isiachwe kwa mtafsiri aliye mbali na mji wenyewe.

1.0 Utangulizi

Makala hii imezaliwa na kukwama. Nikiwa Juba, nilikuwa nikiandaa zoezi la somo la tafsiri, nikachagua kuipatia filamu ya War Child manukuu ya Kiswahili, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. Nilidhani kazi ingekuwa nyepesi, kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kawaida na mada yake inafahamika kwa kila mkazi wa mji huu. Sikufika mbali. Maneno niliyoyaona kuwa rahisi kuliko yote ndiyo yaliyonizuia, na kila nililoliandika nililifuta.

Mwanzoni nililaumu upungufu wa istilahi. Baadaye nilibaini kwamba maneno ya Kiswahili yalikuwepo, tena zaidi ya moja kwa kila dhana. Tatizo lilikuwa kuchagua, kwa sababu kila chaguo lilimtaka mtafsiri aseme amesimama wapi: upande wa kamera au upande wa mtoto aliye mbele ya kamera. Filamu yenyewe haikuwahi kuulizwa swali hilo na lugha yake. Hoja ya makala hii basi ni kwamba Kiswahili kinaweza kutumika kama chombo cha kuihakiki filamu hii, na kwamba yanayofichuliwa na chombo hicho yana uzito kwa mji wa Juba, ambako Kiswahili kingali kinahesabiwa na wengi kuwa mgeni anayebisha hodi.

2.0 Usuli: Msanii, Filamu na Mji

Emmanuel Jal alizaliwa Sudan Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika jamii ya Wanuer. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani kwa hakika. Kama wakimbizi wengi wa kizazi chake, alipewa tarehe ya 1 Januari. Vita kati ya SPLA na serikali ya Khartoum vilivyoanza mwaka 1983 vilimkuta akiwa mtoto mdogo, vikampeleka katika kambi za wakimbizi nchini Ethiopia, na kutoka huko akaingizwa jeshini. Katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 2009, anasimulia jinsi alivyoshiriki mapigano ya kuwania mji wa Juba akiwa bado mtoto. Alitoroka pamoja na wenzake katika safari iliyowaua wengi wao, akafika Waat, na hapo akakutana na Emma McCune, mfanyakazi wa misaada kutoka Uingereza, aliyemvusha hadi Kenya. McCune alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi mwaka 1993.

Nairobi ndiyo iliyomfanya Jal mwanamuziki. Mwaka 2005 wimbo wake "Gua" ulipendwa sana Kenya, na mwaka huohuo ilitoka albamu ya Ceasefire aliyoishirikiana na Abdel Gadir Salim, mwimbaji na mpiga udi wa Kordofan. Mkristo wa kusini na Mwislamu wa kaskazini walitoa kazi moja mwaka uleule ambao Mkataba wa Amani ulitiwa saini Nairobi, tarehe 9 Januari. War Child ilifuata mwaka 2008, ikaonyeshwa katika Tamasha la Filamu la Berlin, kisha katika Tamasha la Tribeca, New York, ambako ilipata tuzo ya watazamaji.

Inafaa kusisitiza tangu hapa kwamba Juba si mji ambao Jal aliuacha akiwa na umri wa kubebwa mgongoni. Ni mji alioukabili na bunduki. Kwa hiyo kuitazama filamu hii Juba si sawa na kuitazama Berlin au New York. Miongoni mwa watazamaji wa Juba wamo walioishi ndani ya mji ule wakati ukishambuliwa, wamo waliokuwa miongoni mwa washambuliaji, na wamo watoto wa pande zote mbili ambao leo huketi dawati moja.

3.0 Tabaka Tatu za Picha

Picha za awali za Jal zinaweza kugawanywa katika tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni picha za kambini Ethiopia, zilizopigwa na wageni wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba mtoto yule angekuwa mwimbaji. Tabaka la pili ni rekodi za maonyesho yake ya mwanzo nje ya Afrika Mashariki. Tabaka la tatu ni filamu ya 2008 yenyewe, ambayo inazichukua picha za zamani, inaziweka kando ya mtu mzima aliye jukwaani, na kumfuata akirejea Sudan baada ya miaka mingi.

Nguvu ya filamu imo katika kukutanisha tabaka la kwanza na la tatu. Mtazamaji anaona uso wa mtoto, kisha anaona uso uleule ukiwa umekomaa, na kati ya nyuso hizo mbili kuna pengo ambalo nyimbo zinajaribu kulijaza. Sifa ya mwongozaji ni kwamba hakumtafuta mwigizaji wa kuigiza utoto huo. Aliutafuta utoto wenyewe. Kwa msanii ambaye hata tarehe yake ya kuzaliwa aliandikiwa na wengine, vipande hivi vya picha ni karibu na cheti cha kuzaliwa. Lakini navyo, kama tarehe ile, viliandikwa na mgeni kwa mahitaji ya mgeni.

Tabaka la pili linatufundisha jambo jingine, yaani nafasi anayopewa msanii wa Kiafrika kusimama. Tarehe 2 Julai 2005, siku ya matamasha ya Live 8, umati mkubwa ulikusanyika Hyde Park, London, kwa jina la Afrika, ilhali wasanii wengi wa Afrika, Jal akiwamo, waliimba katika tamasha la pembeni lililoitwa Africa Calling. Tamasha hilo lilifanyika Eden Project, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, bustani maarufu kwa makuba makubwa ya kuoteshea mimea ya nchi za joto. Lawama zilitolewa wakati ule kwamba Afrika imeombewa mahali pamoja na kuimbishwa mahali pengine. Jal alipanda jukwaa la Hyde Park miaka 3 baadaye, tarehe 27 Juni 2008, katika tamasha la kuadhimisha miaka 90 ya Nelson Mandela. Mhakiki anayezitazama rekodi hizi bila kujua jiografia yake ataona mwimbaji anayechangamsha umati. Anayeijua ataona pia umbali uliowekwa kati ya mwimbaji na jukwaa kuu.

Bill Nichols, katika kazi zake kuhusu filamu za hali halisi, amefafanua kwamba "sauti" ya filamu ni zaidi ya maneno ya msimulizi. Ni msimamo mzima unaojengwa na mpangilio wa picha, muziki, ukimya na ukataji. Kwa maana hiyo, swali la msingi kuhusu War Child ni hili: sauti yake inasema na nani, na kutoka wapi? Jibu linapatikana kwa urahisi zaidi tunapoilazimisha sauti hiyo iseme Kiswahili.

4.0 Vifundo Vitatu vya Tafsiri

4.1 Kupotea na Kupotezwa

Jal huhesabiwa miongoni mwa kundi lililopewa na mashirika ya misaada jina la Kiingereza ambalo asili yake ni hadithi ya watoto ya Peter Pan: wale wavulana wasio na wazazi, wanaoishi katika kisiwa cha ndoto. Tafsiri ya moja kwa moja ni Wavulana Waliopotea. Kisarufi haina kosa. Kimaana inaumiza.

Kitenzi potea katika Kiswahili hakimtaji mtendaji. Aliyepotea amepotea mwenyewe. Zaidi ya hayo, katika matumizi ya kila siku, kijana aliyepotea ni kijana aliyeharibika tabia, na Biblia ya Kiswahili imekwisha kutupatia mwana mpotevu, ambaye alipotea kwa hiari yake huku baba akimsubiri nyumbani. Msomaji wa manukuu haya, awe Mombasa au Juba, ataelewa kwamba watoto hawa waliacha njia. Ukweli ni kwamba njia ndiyo iliyochomwa.

Kiswahili kinatoa mbadala: waliopotezwa. Viambishi viwili tu vinaleta mabadiliko makubwa, kwa maana mtu akisikia kupotezwa huuliza papo hapo: na nani? Je, ni Khartoum iliyolipua vijiji, makamanda walioona katika watoto hazina ya askari, au ulimwengu uliochelewa? Jina la Kiingereza haliulizi. Linahuzunika, kisha linapita.

Aidha, jina hilo linawataja wavulana pekee, jambo ambalo Kiswahili kisingelilazimika kulifanya, kwa kuwa neno watoto lipo na halibagui jinsia. Wasichana walitembea njia zilezile. Walipofika kambini wengi waliingizwa katika familia za walezi, wakatoweka katika orodha za wasio na wazazi. Kati ya vijana karibu 4,000 waliopelekwa Marekani kutoka Kakuma kuanzia miaka ya 2000 na 2001, wasichana hawakufika 100. Jina lilitangulia, orodha ikafuata, na kamera ikafuata orodha.

4.2 Askari Mtoto na Mtoto Askari

Kifundo cha pili kinahusu mpangilio wa nomino mbili. Katika Kiswahili, nomino inayotangulia ndiyo kiini, na inayofuata huifafanua. Askari kanzu, askari jela na askari mgambo wote ni askari. Neno la pili linatueleza aina yao tu. Kwa kanuni hiyo, askari mtoto ni aina mojawapo ya askari. Mtoto askari, kwa upande mwingine, anafuata muundo wa mtoto yatima: anabaki mtoto, na neno la pili linataja msiba uliompata.

Vyombo vya habari vya Kiswahili hutumia zaidi watoto askari au watoto wapiganaji, na uteuzi huo ni wa busara hata pale unapofanywa bila kukusudia. Filamu, kwa upande wake, inayumba kati ya dhana hizo mbili. Picha za kambini zinatuonyesha mtoto. Nyimbo za jukwaani na matangazo yaliyoiuza filamu, kuanzia kwenye anwani yake, zinatuuzia askari aliyegeuka msanii, kwa kuwa umati wa ughaibuni huvutwa na mgeuko huo. Ni kweli kwamba Jal mwenyewe alilichukua jina la mtoto wa vita akalipa albamu yake ya 2008 na tawasifu yake, na haki ya kujiita ni yake. Hata hivyo mhakiki hana budi kuona kwamba jina analojipa mtu ili aponye jeraha lake si lazima liwe jina linalofaa kuwaitia maelfu ya wengine ambao hawakupata jukwaa. Juba wapo wanaume wa makamo waliokuwa watoto askari wakati uleule, ambao leo ni madereva, walinzi na walimu, na ambao hawangependa wanafunzi wao walijue hilo kwa maandishi ya chini ya picha.

4.3 Kwao na Kwetu

Kifundo cha tatu ndicho kilichonizuia muda mrefu zaidi. Filamu inamwonyesha Jal akirudi nyumbani. Kiingereza kina neno moja, nalo halimtaki msemaji aseme uhusiano wake na mahali hapo. Mswahili anayesimulia safari hiyo, akitaka kusema kwa ufasaha, atasema Jal anarudi kwao. Sentensi ni nzuri, na neno kwao lina uzito wake katika lugha. Ndiyo maana wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kwao ni neno la anayetazama kutoka nje. Papo hapo msimulizi ametangaza kwamba pale si kwake.

Msimulizi aliyeketi Juba atasema Jal anarudi kwetu. Na akishasema hivyo, kitenzi nacho hakina budi kubadilika: haendi, anakuja. Picha ni ileile, ndege ni ileile, mtu ni yuleyule, ila upeo umegeuka. Katika kwao, sisi tunaambatana na kamera tukiwa nyuma ya msafiri. Katika kwetu, sisi ndio tunaosubiri uwanjani, na kamera ni sehemu ya mizigo ya mgeni.

Nilijaribu kuandika manukuu ya sehemu hiyo kwa njia zote mbili. Kwa kwao, maneno yalikwenda sambamba na picha bila mkwaruzo. Kwa kwetu, yalianza kuzozana na picha, kwa sababu hakuna mahali ambapo filamu imejipanga kumtazama Jal kwa macho ya waliobaki. Mzozo huo ni ushahidi kuliko tamko lolote la nadharia. Unatuambia mahali kamera iliposimama.

5.0 Kiswahili Kilichomo Ndani ya Wimbo

Itakuwa makosa kufikiri kwamba uhakiki huu unaleta Kiswahili mahali ambapo hakikuwepo. "Gua" umeimbwa kwa mchanganyiko wa lugha, Kiswahili kikiwa mojawapo pamoja na Kiarabu, Kiingereza, Kidinka na Kinuer. Jina lenyewe lina uso mara mbili: kwa Kinuer ni amani, na kwa Kiarabu cha Sudan ni nguvu. Uteuzi huo wa lugha ni ramani ya wasikilizaji. Kidinka na Kinuer vinawaita ndugu waliouana katika miaka ya 1990. Kiarabu kinamwita adui wa jana. Kiswahili kinamwita jirani aliyempokea mkimbizi. Tunapouweka wimbo wa namna hii chini ya manukuu ya Kiingereza, kama ilivyo desturi ya filamu za kimataifa, ramani yote inapakwa rangi moja. Mtazamaji anapata maana ya maneno na kukosa habari ya nani aliyeambiwa neno gani.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi tukizingatia nafasi ya wimbo katika jamii za bonde la Nile. Francis Mading Deng, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu Wadinka na nyimbo zao, anaonyesha kwamba kwao wimbo hutumika kueleza nasaba, kudai haki na kuweka kumbukumbu ya jambo mbele ya jamii. Mwimbaji ni mdai. Filamu inaupokea wimbo wa Jal kama dawa ya nafsi yake na faraja kwa wasikilizaji. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni dai, na dai huhitaji kusikika kwa lugha ya mdaiwa.

Kwa upande wa Juba, Kiswahili cha wimbo huo kinatangulia Kiswahili cha mikataba. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2016, na tangu hapo mipango ya kukifundisha shuleni imetajwa mara nyingi kama kwamba lugha inaanza safari siku hiyo. Ilhali Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, ilifundisha watoto wa Sudan Kusini kwa mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwemo. Wengi wao wamerudi. Katika soko la Konyokonyo unawasikia wakijadiliana bei na wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya kwa Kiswahili kisicho cha kitabu lakini kisichoyumba.

Hapana budi kukubali pia hoja pinzani. Lugha ya mawasiliano mapana ya Juba ni Kiarabu cha Juba, na manukuu ya Kiswahili peke yake yangeweza kuwa kizuizi kingine kwa wale ambao hawakupitia Kenya wala Uganda. Tena Kiswahili, kwa baadhi ya watu, kinakumbusha foleni ya mgao kambini. Hoja hizi ni za kweli, na zinatuzuia kukifanya Kiswahili mwokozi. Hata hivyo lugha hizi mbili si wageni kwa kila moja. Zote zinasema sukari na sabuni, kitabu na saa, kwa tofauti ndogo za matamshi. Na Kinubi, ndugu wa Kiarabu cha Juba, kimeishi bega kwa bega na Kiswahili kule Kibra, Nairobi, kwa zaidi ya miaka mia. Palipo na ujirani wa muda mrefu namna hiyo, manukuu ya lugha mbili si ndoto.

6.0 Hitimisho

War Child ni filamu yenye thamani. Bila yake, picha za kambini zingekuwa zimelala katika ghala la mbali na mtoto yule angebaki bila jina. Upungufu wake ni kwamba imeyatazama maisha ya kusini kutoka kaskazini ya dunia, na Kiingereza chake kimeiwezesha kufanya hivyo bila kukiri. Kiswahili kinaidai ikiri, kwa kutumia zana za kawaida kabisa: kauli ya kutendwa, mpangilio wa nomino, na kimilikishi cha mahali.

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vinavyofundisha tafsiri katika ukanda huu vitumie filamu za hali halisi kuhusu watu wetu kama matini za kufundishia, si kwa ajili ya kutafuta visawe tu bali kwa ajili ya kuhoji msimamo. Pili, nakala za picha kuhusu Sudan Kusini zilizomo katika hifadhi za nje zitafutwe na kuwekwa Juba, zikiambatana na manukuu ya Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Tatu, kazi ya manukuu hayo ifanywe na waliokulia kambini wakishirikiana na wataalamu wa lugha, kwa kuwa kuna maneno ambayo kamusi inayajua na mtaalamu anayajua, ila mwenye haki ya kuchagua kati yake ni aliyeyaishi.

Zoezi nililoliandaa kwa wanafunzi halikukamilika. Nimeliacha na nafasi tatu wazi, mahali pa vifundo vile vitatu, na kila darasa ninalolifundisha linazijaza upya. Katika nafasi ya tatu, wale waliozaliwa Juba huandika kwetu. Waliozaliwa Kakuma hukaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu zaidi.